Fungu la Kukalia

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kusimama. Karatasi za ajira ziliandika "mpiga pasi", lakini ungemwona mle kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nyuma ya jiko, ungesema mama huyu ameajiriwa asimame. Katikati ya chumba kulikuwa na mashine ya kunyooshea shuka, mabomba mawili manene ya moto yanayozunguka. Mmoja analisha shuka upande huu, mwenzake anaipokea upande ule na kuikunja kabla haijapoa. Yeye alikuwa wa kupokea. Siku wodi zikiwa zimetulia, shuka mia nne. Siku nyingine usiulize. Kiti hakikuwamo. Msimamizi alishasema kwamba mtu akikaa shuka itaungua, na ikiungua mshahara wa mtu ndio utakaonunua nyingine. Wenzake walijiiba, wakajilaza kidogo juu ya marobota ya nguo chafu msimamizi alipotoka kunywa chai. Yeye hakuwahi. Aliogopa kwamba akikaa hatanyanyuka. Basi wakambandika jina la Nguzo, na jina likanata mpaka nyumbani, hata mumewe akawa anamwita hivyo.

Nyumbani nako hapakuwa na pa kukaa, si pa kukaa mtu akasema amekaa. Sebuleni kulikuwa na benchi refu lililonunuliwa mnadani shule moja ilipofungwa, limechongwa kwa wembe majina ya watoto wasiowajua. Kulikuwa na viti viwili vya chuma vya kukunja, na kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, ukafungwa kwa waya. Nguzo akitoka kazini, miguu imeumuka kama unga wa mkate, alikalia hicho cha plastiki kwa hadhari, uzito wote upande mmoja, maana ukijisahau waya unakuchoma paja. Alikaa hivyo mpaka chakula kiive, kisha akanyanyuka tena.

Mumewe alikuwa karani wa ghala katika duka la rangi na vifaa vya ujenzi. Mtu safi. Hakunywa, hakupiga, hakuwa na nyumba ndogo, na mshahara wake ulifika nyumbani bila kupitia popote. Akina mama wa mtaani walimwambia Nguzo ashukuru, naye alishukuru. Ila mtu huyu alikuwa na daftari. Mwaka wa tatu wa ndoa yao mwajiri wake aliwaita makarani wote kwenye semina ya siku moja juu ya fedha za nyumbani, na mtoa mada, kijana mwenye tai, akawaambia kwamba familia yenye akili haitumii zaidi ya fungu moja kati ya mafungu kumi ya kipato chake cha mwaka kununulia samani na vyombo vya ndani. Wenzake walikula chakula cha bure, wakarudi makwao, wakasahau. Yeye alirudi na sheria. Aliiandika kwenye jalada la daftari kwa wino mwekundu, na kila mwaka ulipoanza alikaa mezani, akapiga hesabu, akatangaza fungu la mwaka huo kama hakimu anayesoma hukumu. Majirani walipolijua hilo wakawa wanamwita Mzee Fungu, wakicheka, naye hakuchukia. Alilichukua kama cheo.

Tabu ya lile fungu ni kwamba kila kitu kiliingia humo. Sufuria, fungu. Godoro la watoto, fungu. Chandarua, balbu, pazia, kufuli la mlango wa nyuma, vyote fungu. Ukifika mwezi wa tano limekwisha. Na kama kwa bahati limebaki kidogo mwaka ukiwa unaisha, halikuruhusiwa kuvuka.

"Tukianza kulimbikiza mafungu," alikuwa akisema, "tutajikuta tumenunua kabati la vioo na hatuna cha kuweka ndani."

Nguzo aliomba kochi kwa mara ya kwanza alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Hakuomba seti. Aliomba moja, la mtu mmoja, lenye mahali pa kulaza mikono. Mumewe hakukataa kwa ukali. Alifungua daftari, akamwonyesha.

"Unaona mwenyewe. Tumenunua kitanda cha mtoto. Limebaki la ndoo."

"Mwakani je?"

"Mwakani tutaangalia."

Waliangalia kwa miaka ishirini na mitatu. Kilichomfunga mdomo Nguzo ni kwamba mzee mwenyewe hakujipendelea. Alikalia kiti kile kile cha chuma, akala kwenye sahani ile ile iliyobanduka rangi. Mtu akikunyima huku yeye anakula vinono, unapata pa kumshika. Huyu alijinyima pamoja nawe, utamshitaki kwa nani? Kwa hiyo Nguzo alinyamaza. Alilea mabinti wawili, akawasomesha, akawaoza, huku kwenye miguu ikichomoza mishipa ya buluu, minene kama kamba za kuanikia nguo.

Mambo yaligeuka Jumamosi moja, mchana. Mzee Fungu alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na binti mkubwa, aliyekuwa karani katika ofisi ya mhasibu, alikuja kumsaidia kujaza fomu za mafao. Nguzo alikuwa jikoni anakata vitunguu. Mlango ulikuwa wazi, akawa anawasikia vizuri.

"Baba, mshahara wa mama umeuandika wapi?" binti aliuliza. Alikuwa akipekua daftari kutafuta tarehe ya ajira.

"Upi?"

"Wa mama. Hapa juu kila mwaka umeandika kipato, ukatoa moja ya kumi. Lakini naona mshahara wako tu."

"Ule wa mama yako ni wa matumizi," Mzee Fungu alijibu, wala hakuona kama hapo pana neno. "Chakula, ada zenu, dawa. Unaingia, unatoka. Huwezi kuuita kipato."

"Lakini baba, kipato cha nyumba si..."

"Mwenye nyumba ndiye kipimo, mwanangu. Ndivyo tulivyofundishwa."

Binti hakubishana na baba yake. Ila mkono ulishazoea kazi. Alivuta kipande cha kalenda ya mwaka uliopita, akakigeuza, akaanza kuandika. Bila kunyanyua kichwa alimwuliza mama yake kwa sauti alikuwa akipata kiasi gani mwaka ule mdogo wake alipoanza shule, na saa za ziada alikuwa akilipwaje. Nguzo alijibu kutoka jikoni. Aliyakumbuka yote, hata mwezi ambao walikatwa kwa ajili ya sare mpya. Baada ya muda kalamu ikatulia.

"Mama," binti alisema taratibu, "kumbe kuna miaka ulikuwa unampita baba."

Nguzo alitokea mlangoni na kisu mkononi, macho yamejaa machozi ya vitunguu.

"Hebu rudia."

"Miaka sita, saba hivi. Ukihesabu na zile saa za ziada. Na mngejumlisha mishahara yote miwili, hili fungu la baba lingetosha kununua kochi zuri tu..." Akaiangalia tena karatasi. "Tangu mdogo wangu yuko darasa la kwanza. Na chenji ikabaki."

Mzee Fungu alifunga daftari. Alisema fomu zitaharibika kwa maneno mengi. Nguzo alirudi jikoni, akamalizia vitunguu, akapika, wakala, akaosha vyombo. Lakini ndani alikuwa anachemka. Kunyimwa alikuwa amekuzoea, na mtu akizoea huacha kulia. Hili lilikuwa jingine. Miaka yote aliamini kwamba hesabu imepigwa na pesa hazikutosha. Kumbe hesabu ilipigwa yeye hayumo. Chakula walichokula kilitoka kwenye miguu yake, ada za wale watoto zilitoka kwenye miguu yake, lakini zamu ya kuhesabiwa ilipofika akawa kama mtu anayepita njia.

Juma lililofuata alikwenda kwa fundi makochi. Fundi alikuwa na kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, vumbi la mbao limemkaa mpaka kwenye kope. Alimwuliza anataka seti ya namna gani, ya watu watano au ya watu saba.

"La mtu mmoja," Nguzo alisema.

"La kuongezea kwenye seti?"

"Sina seti. Nataka la kwangu."

Fundi alimtazama kidogo, kisha akamsogezea kigoda. "Kaa hapa mama, nikupime. Seti natengeneza kwa makisio. La mtu, nampima mtu."

Akampima kutoka goti hadi kisigino, kutoka kiuno hadi bega. Alimwuliza kama hupenda kuegemea au kukaa wima, na kama miguu huwa inavimba. Nguzo alijibu kwa aibu, kama mtu aliye mbele ya daktari. Walipofika kwenye miguu alishindwa kusema, akapandisha tu gauni hadi chini ya goti. Fundi aliandika vipimo. Halafu akasema atamtengenezea na kistuli cha kuinulia miguu, na hicho hatakitoza.

Bei ilikuwa mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu. Aliilipa kwa miezi minne kutoka kwenye saa za ziada, akipokea shuka za zamu ya jioni wakati wenzake wengi wameshakwenda zao. Alisimama zaidi ili siku moja akae, na ujinga uliomo aliuona mwenyewe. Jioni moja alicheka peke yake katikati ya mvuke, na mwenzake wa upande wa kulishia akamwuliza kulikoni.

"Nanunua kiti kwa miguu," alisema. Mwenzake hakuelewa, akaendelea kulisha.

Kochi lilikuja la kahawia, mikono mipana, mgongo mrefu wa kuegemeza hadi kichwa. Alilijaribu fundi akiwa bado yupo mlangoni. Sponji ilimpokea polepole, kiuno kikapata pa kulala, visigino vikapanda kwenye kistuli, na damu akaihisi ikirudi nyuma kutoka kwenye vidole kama watu wanaotoka uwanjani. Fundi aliuliza kama limekaa sawa. Alitikisa kichwa tu kukubali.

Mzee Fungu, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshastaafu na ana siku nzima mikononi, alilipita kando kwa siku tatu. Siku ya nne Nguzo alirudi kutoka kazini akamkuta amelikalia, miguu kwenye kistuli, redio kifuani, kichwa kimeegemea hadi mafuta ya nywele yameacha alama kwenye kitambaa.

"Naomba nipumzike kidogo, baba watoto."

"Ngoja taarifa ya habari iishe."

Taarifa iliisha, ikaja michezo, yakaja matangazo ya vifo. Nguzo akakaa kwenye kile cha plastiki. Kesho yake ikawa vile vile. Mgeni akija, kochi ni la mgeni. Mgeni akiondoka, ni la baba. Binti mdogo alipowaleta watoto wake kusalimia, mmoja alilipanda akaanza kuruka, na mama yake akamkemea: "Shuka hapo, hicho ni kiti cha babu." Nguzo aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama na trei ya chai. Binti hakuwa na nia mbaya. Alisema alichokiona.

Alimkabili mzee Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, bado ana kitambaa cha kazi kichwani.

"Hili kochi nimelinunua mimi."

"Najua. Na limevuka fungu. Ningekuwa mtu wa ugomvi ningekwambia ulirudishe."

"Sasa mbona hulirudishi, unalikalia?"

Mzee Fungu alipunguza sauti ya redio. Alikuwa mtu wa kueleza mambo yakaeleweka. "Nguzo, sebule ina kiti kimoja cha maana. Akija mtu akukute wewe umekaa hapa, mimi nipo kwenye benchi, atasema nini? Atasema mzee kastaafu na nyumba kanyang'anywa. Nikikaa mimi, heshima ni yetu sote."

"Miguu inaniuma, mume wangu."

"Kitanda kipo. Nani amekuzuia kulala?"

Ni hilo la kitanda lililokata kamba. Nguzo hakupaza sauti. Aliivua ile nguo ya kichwani, akaikunja mara nne kama shuka, akaingia jikoni kupika. Katika juma lililofuata alitafuta chumba cha kupanga karibu na hospitali, kimoja, choo cha pamoja na wapangaji watano, na Jumamosi asubuhi akaja nyumbani na mtu wa mkokoteni. Mzee Fungu alikuwa pale pale, redio kifuani.

"Shikamoo mzee," alisema mtu wa mkokoteni.

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Nimetumwa kiti."

Mzee Fungu alimtazama mkewe, akalitazama fuko la nguo lililokuwa mlangoni, akatabasamu kama mtu anayeona mzaha umezidi kidogo. Mtu wa mkokoteni alisubiri. Alihamisha uzito mguu huu, mguu ule, mwisho akasema kwa adabu, "Samahani mzee, nalipwa kwa safari." Hapo mzee akanyanyuka. Alinyanyuka polepole sana, akiishika redio kwa mikono miwili, akasimama katikati ya sebule akiliangalia kochi likipita mlangoni kwa ubavu.

"Unaondoka kwa sababu ya kiti?" aliuliza.

"Ndiyo," Nguzo alisema. Hakuona haja ya kulipamba jibu.

Kile chumba kilikuwa na kitanda chembamba, jiko la mafuta na kochi. Jumapili mchana, kazi hakuna, mtu hakuna, aliketi akainua miguu. Huo ndio wakati aliouwazia miaka yote mbele ya ile mashine, na sasa umefika na umemkuta hajui aufanye nini. Kila baada ya dakika chache alijikuta amenyanyuka. Anatazama dirisha, anapanga sufuria, anarudi, ananyanyuka tena. Mwili ulikuwa umesahau kukaa. Miguu iliuma zaidi ikiwa juu kuliko ikiwa chini, kama vile inadai malimbikizo. Alijilazimisha mpaka jua likageuka, akasinzia, akaamka shingo imekakamaa. Furaha aliitafuta kila pembe ya moyo wake, hakuiona. Alichokiona ni utulivu mkavu, kama wa mtu aliyeshinda kesi baada ya shamba kukauka.

Mtaani alikotoka ikawa kicheko cha mwaka. Kuna walioachana kwa ajili ya wanawake, kwa ajili ya pombe, kwa ajili ya ndugu, lakini hii ya kochi ilikuwa mpya. Binti mkubwa alikuja akiwa amefura.

"Mama, watu wanasema umeacha nyumba yako kwa sababu ya kiti."

"Waambie ni kweli."

"Ni kweli vipi? Mimi niwaambie nini wakwe zangu?"

"Wewe ndiye uliyepiga hesabu, mwanangu."

Binti aliinamisha kichwa. Alisema angejua yatafika huku, asingegusa ile kalenda. Nguzo alimwambia asijilaumu, lakini hakumwambia kwa nguvu, na wote wawili walilisikia hilo.

Kodi ya chumba ilikula karibu nusu ya mshahara. Akaongeza saa za ziada ili alipe mahali pa kupumzikia, akawa hana muda wa kupumzika. Mwezi wa sita tangu ahame, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, ngozi iliyokuwa imeshakuwa nyeusi na kung'aa ilipasuka yenyewe, bila kujikwaa wala kujikuna. Kidonda kikawa hakifungi. Daktari wa hospitali ile ile, aliyelalia shuka zake zamu za usiku, alimwambia mishipa imeshindwa kazi. Akamwambia asisimame tena. Upo upasuaji mdogo, akasema, haufanyiki hapa, na akamtajia gharama. Nguzo aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Kazini walimstaafisha kwa ajili ya afya. Walimpa barua nzuri, keki, na malipo yaliyolipa kodi ya miezi mitatu.

Binti mkubwa ndiye aliyepiga moyo konde akaenda kwa baba yake. Mzee alikuwa na kiinua mgongo chake, na kwa mkono wake wa birika kila mtu alijua hajakigusa. Binti alipanga maneno njia nzima. Alipofungua mlango wa sebule ukagonga kitu, ukafunguka nusu. Ndani kulikuwa na seti ya watu saba, rangi ya maziwa, mikono ya kuchongwa, na meza ya kioo katikati. Benchi hamna, viti vya chuma hamna. Mzee Fungu alikuwa amepiga magoti, anafuta nailoni iliyofunika makochi kwa kitambaa chenye unyevu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita kwa ubavu. Unaonaje?"

"Hivi ni vya nani, baba?"

"Vya mama yako." Alisimama kwa shida, uso wake umechangamka kwa namna ambayo binti hakuwahi kuiona tangu utotoni. "Nilipiga hesabu upya. Nimeweka na mishahara yake yote, tangu aanze, mwaka kwa mwaka. Ulikuwa umesema kweli, nilikosea. Nikasema basi, yale mafungu yote aliyokuwa anatudai, nimlipe kwa mkupuo. Nilitaka nije kumchukua Jumamosi, nimshangaze."

Binti aliketi kwenye ukingo wa kochi. Nailoni ikalia chini yake. Akamweleza habari ya mguu, na upasuaji, na gharama yake. Mzee alisikiliza, akiwa bado ana kitambaa mkononi. Hakuhitaji daftari. Tofauti kati ya kile alichomlipa mwenye duka na kile alichotaja daktari ilikuwa ndogo sana, na duka ndilo lililozidi.

Kesho yake alikwenda dukani kuomba warudishe. Walimwambia bidhaa ikishatoka hairudi, na wakamwonyesha maandishi madogo nyuma ya risiti. Alisimama pale kaunta muda mrefu akiyasoma, mtu aliyesoma risiti za watu maisha yake yote.

Nguzo alirudi nyumbani mwezi ule kodi ilipokwisha. Hakurudi kwa kushindwa na maneno ya watu, wala kwa kumsamehe mtu. Alirudi kwa kuwa hakuwa na pa kwenda pengine. Binti mdogo aliishi kwa wakwe. Kwa binti mkubwa walikuwa watu saba vyumba viwili, na mkwe wake alikuwa na adabu nyingi mno, adabu ya kumfanya mtu asile akashiba. Kochi lake la kahawia halikupata pa kuwekwa. Walijaribu kulipenyeza, ikabidi watoe meza ya kioo, na meza ikitoka hakuna mlango wa kuipitisha bila kuhamisha kochi la watu watatu. Lilikaa kibarazani siku nne. Siku ya tano, mawingu yalipotanda, Nguzo alimwita tena mtu wa mkokoteni, akalirudisha kwa fundi.

Fundi alilitazama pande zote. "Hili nilikupimia wewe, mama," alisema. "Mwingine akilikalia miguu itaning'inia, au magoti yatamfika kifuani. Nitalifumua nichukue sponji."

"Lifumue."

Alimpa theluthi ya bei. Pesa hiyo ilinunua bendeji za kubana na dawa ya kuoshea kidonda, za miezi kama mitano akizitumia kwa kubana. Kile kistuli fundi hakutaka kukipokea. Alisema hakikuuzwa, akamrudishia.

Mzee Fungu siku hizi ndiye anayepika. Hapiki vizuri, lakini anapika. Anamsindikiza mkewe kliniki mara mbili kwa wiki, anambebea mfuko, anamsubiri kwenye foleni akiwa amesimama ili yeye apate benchi. Daftari halionekani tena mezani. Jioni moja alijaribu kusema. Alianza, "Nguzo, mimi nilidhani..." na Nguzo akamwambia chumvi imezidi kwenye mchuzi. Hakutaka kujua alidhani nini. Mtu mwema aliyekuangamiza kwa hesabu safi hupati pa kumtukania, na kumwonea huruma nako hakuwa na nguvu zilizobaki. Wakaendelea kula.

Akina mama wa mtaani walisubiri wiki mbili ili isionekane ni umbea, kisha wakaja watatu kwa pamoja, wamejitanda vizuri. Waliingia kwa ubavu mmoja mmoja, wakashika mikono ya kuchongwa, wakapiga vigelegele vya chini chini.

"Hongera mama. Tuliposikia hatukuamini. Seti nzima."

"Asanteni. Karibuni mkae."

Walikaa, nailoni ikalalamika huku na huku. Mzee aliwaletea chai, akawaomba kwa upole wasiweke vikombe juu ya kioo moja kwa moja, watumie visahani. Nguzo alikuwa kwenye kona ya kochi la watu watatu, kwa sababu hapo tu ndipo mguu ungeweza kunyooka bila kuziba njia. Joto lilikuwa kali, na nailoni ilikuwa imelowa jasho chini ya mapaja yake. Mmoja wa wale akina mama, aliyekuwa akimwambia zamani ashukuru, alimwinamia.

"Sasa umekaa, dada yangu. Sema kweli, unajionaje?"

"Nateleza," Nguzo alisema.

Walicheka wote, hata mzee kule mlangoni alicheka kidogo. Nguzo alishika mkono wa kochi, akajivuta juu tena, akauliza nani anahitaji sukari.